Tembo Yupi, Tembo Lipi? Kiswahili na Ukamataji wa Wanyama wa Porini katika Filamu ya Hatari! (1962)

Ikisiri

Filamu ya Hatari! iliyoongozwa na Howard Hawks na kuonyeshwa mwaka 1962 inasimulia kazi ya kundi la Wazungu wanaokamata wanyama hai huko Tanganyika kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Wahakiki wengi wameijadili kama filamu ya vituko na mapenzi. Kiswahili chake hakijapewa uzito unaostahili, ingawa jina lake lenyewe ni neno la Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba Kiswahili katika filamu hii kimekamatwa kama wanyama walivyokamatwa: kimetolewa katika mazingira yake, kimepewa kazi ya maonyesho, na kimenyang'anywa upatanisho wake wa kisarufi. Hata hivyo, neno lililokamatwa hubaki na maana ambazo mkamataji hakuzikusudia. Kwa kuchunguza jina la filamu, majina ya ndama watatu wa tembo na jina la Mama Tembo, makala yanaonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili, hasa wa visiwani, anaweza kuisoma Hatari! kinyume na matarajio ya watengenezaji wake.

1.0 Utangulizi

Kisa cha Hatari! ni chepesi. Kampuni ya Momella, inayoongozwa kazini na Sean Mercer (John Wayne), ina msimu mmoja wa kukamata vifaru, twiga, pundamilia, nyati na nyani ili kutimiza maagizo ya bustani za wanyama. Katika tukio la kwanza kifaru anamjeruhi mmoja wa wakamataji. Mpiga picha kutoka Italia, Anna Maria D'Alessandro, anayeitwa Dallas (Elsa Martinelli), anafika kambini na kuwalea ndama watatu wa tembo. Msimu unaisha kifaru anapopatikana, na mapenzi ya Sean na Dallas yanaishia kwenye ndoa. Filamu ilipigwa picha kaskazini mwa Tanganyika kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, na ilipofika kwenye majumba ya sinema nchi iliyoonyeshwa ilikuwa tayari na bendera yake.

Swali la makala haya ni la kifasihi na la kiisimu kwa pamoja: lugha inafanya kazi gani katika masimulizi ya kukamata? Swali hili lina uzito kwa uhakiki wa Kiswahili. Ikiwa Hatari! ni kazi ya kigeni iliyopambwa kwa maneno machache ya Kiswahili tu, basi haituhusu. Lakini ikiwa maneno hayo yanafanya kazi ambayo watengenezaji wenyewe hawakuiona, basi msomaji wa Kiswahili ana mamlaka juu ya filamu hii ambayo mhakiki wa Hollywood hana.

2.0 Kutoka Ua wa Mtoni hadi Dodoma

Kabla ya kuihukumu filamu, inafaa kukumbuka kwamba kuhamisha mnyama hai ili atazamwe hakukuanza na Wazungu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika baraza la mfalme wa Uchina, na huko akapokewa kama qilin, kiumbe wa heri wa masimulizi ya Kichina. Mnyama alivuka bahari. Jina lake halikuvuka. Aliyepokewa Uchina alikuwa kiumbe mwingine, mwenye maana aliyopewa na wapokeaji wake.

Unguja nayo haikuwa nje ya desturi hii. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Emily Ruete, yaani Salme binti Said, anaueleza ua wa kasri la Mtoni ambamo tausi, paa, korongo wekundu, kanga, mabata na mbuni walizurura bila kufungwa. Mbuni si ndege wa Unguja. Ilibidi avushwe bahari ili awe sehemu ya utukufu wa kasri. Hivyo ua wa Mtoni ulikuwa bustani ya wanyama ya mtawala, hata kama haukuwa na vizimba. Tofauti yake na bustani za Ulaya ni kwamba mnyama hakuwekwa chini ya kibao chenye jina lake la kisayansi wala hakutazamwa kwa tiketi. Aliishi miongoni mwa watu wa nyumba, na watoto wa kasri waliishi naye.

Katika enzi ya ukoloni kazi hii ikawa ya kitaasisi. Mwaka 1926 msafara wa taasisi ya Smithsonian, uliofadhiliwa na tajiri wa magari Walter Chrysler, ulikwenda Tanganyika kuitafutia wanyama bustani ya taifa ya Marekani jijini Washington. Kiongozi wake alikuwa William M. Mann, mkurugenzi wa bustani hiyo, na Dodoma ilikuwa kituo kikuu. Wanyama waliokusanywa walizidi elfu moja. Mmoja wa wasafiri hao, F. G. Carnochan, alirudi baadaye Unyamwezi, na mwaka 1935 akachapisha pamoja na mwenzake kitabu kuhusu chama cha mafundi wa nyoka. Ukweli huo mdogo una maana kubwa: nyuma ya msafara wa kisayansi kulikuwa na elimu ya wenyeji, watu waliojua nyoka anakaa wapi, anashikwaje na sumu yake inatibiwaje. Elimu hiyo ilikuwa na msamiati wake, miiko yake na walimu wake. Katika orodha za wanyama waliowasili Marekani, elimu hiyo haikuwa na safu.

Hatari! imezaliwa katika historia hii, lakini katika saa yake ya mwisho. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuwa ameitolea dunia filamu ya kutetea Serengeti. Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, Julius Nyerere alitangaza kwamba wanyama wa porini ni dhamana ambayo taifa jipya linaipokea. Hawks, kwa hiyo, alikuwa akipiga picha ya kazi iliyokuwa inabadilishiwa maana mbele ya kamera yake.

3.0 Jina la Filamu: Tangazo Linabandikwa Wapi?

Neno hatari lina asili ya Kiarabu na limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu. Kwa mtazamaji wa Marekani neno hilo ni sauti tu, ya kigeni na yenye mvuto. Alama ya mshangao inamtosha kukisia maana. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki neno hilo, likiandikwa peke yake, ni tangazo. Amelizoea kwenye nguzo za umeme na milango ya mitambo, mara nyingi likiwa na picha ya fuvu. Tangazo la namna hiyo lina kanuni moja ya kipragmatiki: hubandikwa juu ya kitu chenye kudhuru, na humsemesha anayekikaribia.

Kanuni hiyo inaligeuza jina la filamu. Kwa mantiki ya kisa, chenye kudhuru ni mnyama, na anayeonywa ni mkamataji. Ndiyo maana filamu inaanza na jeraha la binadamu. Lakini tangazo linaloanza filamu limebandikwa juu ya filamu yenyewe: juu ya magari, kamba, nyavu na vizimba. Anayesoma Kiswahili anaonywa kuhusu kile atakachokiona. Kwa usomaji huu, walio hatarini ni wale wasioweza kusoma tangazo hilo, yaani kifaru, twiga na ndama.

Usomaji huu haudai kwamba Hawks alikusudia hivyo. Unadai jambo dogo zaidi na gumu zaidi kulikanusha: kwamba neno lina kawaida zake za matumizi, na anayeliazima huliazima pamoja nazo, apende asipende.

4.0 Tembo, Sophia na Whisky

Ndama watatu wanaolelewa na Dallas wanaitwa Tembo, Sophia na Whisky. Kwa mtazamaji asiyejua Kiswahili, mfuatano huo ni wa kubahatisha: jina la kienyeji, jina la mwanamke wa Ulaya na jina la kinywaji. Kwa mtazamaji wa pwani, mfuatano huo una mantiki, kwa sababu tembo ni kinywaji pia. Katika Unguja, kisiwa chenye minazi mingi na kisicho na tembo wa porini, maana ya kinywaji iko karibu zaidi na maisha. Mtu wa Kendwa anaweza kuzeeka bila kumwona ndovu hata mmoja, lakini mnazi hawezi kuukosa, na kazi ya mgema haihitaji kuelezwa. Kwa sikio kama lake, Tembo na Whisky ni ndugu wawili wa chupa: mmoja wa mnazi, mwingine wa meli.

Mzaha huu hauonekani kwa lugha yoyote nyingine ya filamu. Nao una uzito wa kihistoria. Whisky ni kinywaji kilichokuja na walowezi. Tembo ni kinywaji cha wenyeji, ambacho serikali za kikoloni zilikiwekea masharti. Ndama wawili wanaolala katika zizi moja na kunyonya chupa moja wanabeba, kwa majina yao, mpaka uliowatenga wanywaji wao.

Jina la Mama Tembo lina tabaka zaidi. Katika filamu, Waarusha wanampa Dallas jina hilo katika sherehe wanayomfanyia, naye anapakwa rangi na kuvishwa mapambo yao. Kwanza, Waarusha ni watu wa lugha ya Kimaa. Kuwapa jina la Kiswahili walitoe kama la kwao ni kukifanya Kiswahili kiwe sauti ya kila Mwafrika, kama vile bustani ya wanyama inavyoweza kumweka mnyama wa nyika na mnyama wa msitu chini ya kibao kimoja cha Afrika. Pili, jina lenyewe linasomeka kwa njia tatu. Kwa kawaida ya Waswahili kumwita mzazi kwa jina la mwanawe, Mama Tembo ni mama wa mtoto aitwaye Tembo, na ndivyo ilivyo hasa, kwa kuwa mmoja wa ndama ana jina hilo. Kwa maana pana, ni mama wa tembo wote. Kwa maana ya tatu, ambayo filamu haiijui, ni mwanamke anayeuza tembo, kama vile mama ntilie anavyoitwa kwa kazi yake. Maana ya kwanza inamheshimu, ya pili inamtukuza, ya tatu inamshusha chini na kumketisha kwenye kigoda kando ya mitungi.

Yafaa kusisitiza kwamba maana ya kwanza ndiyo inayoumiza. Ndama wa kwanza ni yatima kwa sababu mama yake ameuawa kwa risasi. Kumwita Dallas mama wa Tembo ni kulijaza pengo la mama halisi kwa neno. Kichekesho cha kukamua mbuzi wa kumnyonyesha ndama kinachekesha, lakini kinachekesha juu ya maiti.

5.0 Upatanisho wa Kisarufi na Uhai wa Mnyama

Je, Kiswahili huzitenganishaje maana mbili za tembo? Umbo la nomino halisaidii. Kinachosaidia ni upatanisho wa kisarufi. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe: tembo huyu amekuja. Kinywaji hakichukui. Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji imehifadhi ushahidi huo katika kiambishi kimoja, -li-. Tembo anayetiwa maji kwa -li- si yule anayeoga mtoni.

Jambo hili si la tembo peke yake. Kifaru anayekimbia nyikani ni huyu. Kifaru cha vita ni hiki. Nyama, katika matumizi ya zamani, huweza kuwa mnyama aliye hai: nyama yule wa mwitu, nyama ile, kinyume chake, iko sokoni. Tofauti kati ya kiumbe na kitu, kati ya mnyama na kitoweo, kati ya kifaru na mtambo, imekabidhiwa kwa viambishi. Katika mfumo wa ngeli, mnyama hupewa sarufi ileile anayopewa binadamu. Huu ni uamuzi wa lugha, uliofanywa na vizazi, na mzungumzaji huurudia bila kufikiri kila anapofungua kinywa.

Sasa tukitazame Kiswahili cha walowezi, kilichojulikana kama Kisetla. Wakati Kiunguja kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, huko bara kilistawi Kiswahili cha kutoa amri, kilichofundishwa hata vitabuni. Kitabu cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936 kiliwalenga waziwazi wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Sifa mojawapo ya usemi huo ni kupunguza upatanisho hadi karibu viumbe na vitu vyote viwe ile na moja. Kifaru ile. Tembo moja. Katika usemi huo, mnyama na kinywaji, mnyama na mtambo, havitofautiki tena.

Kiswahili cha Hatari! kwa sehemu kubwa ni cha ukoo huu: amri fupi, nomino moja moja na salamu. Wahusika wakuu wana lafudhi zao, za Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia na Kimarekani, na filamu inazitumia lafudhi hizo kujenga tabia. Ushindani wa Kurt na Chips ni pia ushindani wa Ujerumani na Ufaransa. Waafrika wanaoshika kamba na kupanda juu ya magari wanatumia lugha yenye mfumo mpana wa ngeli, lakini filamu inaihitaji kwa ajili ya kazi ya mikono tu. Hawapewi kisa chao wenyewe. Hapo ndipo kupotea kwa upatanisho kunapopata maana ya kisanaa: lugha isiyomtambua mnyama kuwa kiumbe ndiyo lugha inayofaa kumwingiza kizimbani, na ndiyo lugha isiyohitaji kumtambua kikamilifu aliyeshika kamba.

6.0 Ukweli wa Mbio

Ingekuwa dhuluma kumaliza hapo. Filamu hii ina sifa moja ambayo uhakiki wa kisiasa peke yake ungeipita. Hawks aliwataka waigizaji washiriki wenyewe katika kukamata, na wanyama wanaofukuzwa ni wanyama wa porini kweli. Katika matukio ya mbio, hakuna mwandishi anayeweza kumwamrisha kifaru. Kamba inakosa shabaha, gari linayumba, mnyama anarudi kinyume, na wanadamu wanahema. Mazungumzo ya kimapenzi kambini ni ya kutungwa na mara nyingine ni ya kuchosha. Mbio ni za kweli.

Kwa sababu hiyo Hatari! inaonyesha kile ambacho bustani ya wanyama imejengwa ili kukificha. Mtoto aliyesimama mbele ya uzio huko Ulaya au Marekani alimwona twiga akiwa ametulia, kama aliyezaliwa hapo. Kibao kilimwambia mnyama ametoka Afrika. Hakikumwambia alitoka vipi. Filamu inajibu swali hilo la vipi kwa dakika nyingi za vumbi, nguvu na hofu. Inakusudia kusifu ujasiri wa wakamataji, lakini ushahidi inaoutoa ni wa upinzani wa waliokamatwa. Sifa ya mgema katika methali ile inatumika hapa pia: filamu inaposifia zaidi, ndipo tembo lake linapoonekana limetiwa maji, inaponyamaza na kukimbiza tu, linakolea.

7.0 Nyani wa Adili kama Kipimo

Fasihi ya Kiswahili ina kipimo chake cha kuipima filamu hii. Katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952), mjumbe wa Mfalme Rai anamwona Adili, liwali mwadilifu wa Janibu, akiwapiga nyani wawili usiku kisha akiwahudumia kwa huzuni. Habari inamfikia mfalme, na Adili anaitwa ajieleze. Hapo tunajua kwamba nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya khiana yao.

Kisa hicho ni cha ajabu na Hatari! ni ya vumbi na petroli, lakini hoja inayozitenganisha kazi hizi iko wazi. Kwa Shaaban Robert, mnyama aliyefungwa ni deni la maelezo. Mwenye mamlaka hawezi kumfunga na kumpiga kiumbe bila kuulizwa, hata kama ana sababu njema, hata kama yeye mwenyewe ndiye kielelezo cha uadilifu. Riwaya nzima inatokana na swali hilo: wanyama hawa ni nani, na wamefikaje hapa? Katika Hatari! hakuna mfalme wa kuuliza. Maagizo yanatoka mbali, kwa taasisi zisizoonekana, na kazi ni kuyatimiza. Mnyama anapoingia kizimbani hadithi yake inakwisha, ilhali kwa Shaaban Robert hapo ndipo inapoanza.

Inaweza kupingwa kwamba nyani wa Adili wanastahili maelezo kwa sababu ni binadamu waliogeuzwa, na hivyo riwaya haisemi lolote kuhusu wanyama halisi. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau mpangilio wa kisa. Mjumbe hajui kwamba nyani hao ni watu anapostuka. Anachokiona ni wanyama wanaoadhibiwa, na hicho kinatosha kumfanya alifikishe jambo kwa mfalme. Huruma inatangulia ufunuo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili cha Hatari! ni kichache, ila hakikubali kuwa pambo. Jina la filamu linawaonya wanaoweza kulisoma. Majina ya ndama yanabeba historia ya vinywaji na mipaka ya kikoloni. Mama Tembo anabeba msiba wa mama aliyeuawa. Na ukosefu wa upatanisho unafichua jinsi kiumbe anavyogeuzwa kitu kabla kamba haijamgusa.

Suala hili halijapitwa na wakati. Hoteli za fukwe za Kendwa na Nungwi zinapokea wageni kwa Kiswahili cha jambo na hakuna matata, usemi uliopunguzwa upatanisho kama ule wa walowezi, ingawa leo ni wa kukaribisha badala ya kuamrisha. Nyuma ya kaunta na nje ya geti wazungumzaji walewale hurudi kwenye Kiunguja chenye ngeli zake zote. Uhakiki wa Kiswahili ukiviacha vipande hivyo vya maonyesho kwa madai kwamba si lugha hasa, utakuwa umewaachia wengine kazi ya kuandika kibao cha kizimba. Kazi iliyopo ni kuvirudishia vipande hivyo sarufi yake: kuuliza, kila neno la Kiswahili linapotokea katika sanaa ya ng'ambo, kama tembo anayetajwa ni yupi au ni lipi, na nani amenufaika kwa tofauti hiyo kutosikika.